Makofi ya Ruziba

Siku yangu ya kwanza kazini, Patron wa duka la kaseti pale Asiatique, mtaa wa maduka hapa Bujumbura, alinipa kalamu ya biki na rundo la kaseti zilizolegea utepe. "Zungusha," akasema. "Ukikata utepe mumoja, unarudi kwenu Buyenzi." Sikukata hata mmoja. Shule niliiacha darasa la nne, lakini mwaka haujaisha nilikuwa nimetoka kwenye kalamu, nimepanda kwenye mashine za kunakili, na baadaye mimi ndiye niliyetumwa, mikrofoni mkononi, kurekodi konseri. Wenye diploma waliniita niwasafishie kichwa cha mashine, kile chuma kidogo kinachosoma utepe. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifundisha.

Nyinyi vijana wa simu hamjui kulinganisha ni nini. Kulikuwa na orkestra moja ya roki hapa mjini. Wimbo wao ulikwenda karibu nusu saa, na hawakuupiga vilevile mara mbili. Feruzi, mpiga gitaa, aliingia katikati akatokea alikotaka yeye. Kwa hiyo mteja hakuuliza jina la wimbo. Aliuliza konseri: ya Mutanga Nord au ya Ruziba? Mimi niliweka kaseti mbili kwenye mashine mbili, nikasikiliza huku na huku, nikasema ipi inafaa kuwa mama, yaani ile inayozaa nakala zote. Mama nilimvunja ulimi, kile kiplastiki cha mgongoni, ili mtu asirekodi juu yake.

Vita vilipozidi, konseri zilihamia mchana kwa sababu ya couvre-feu, amri ya kutotoka usiku. Halafu ikaja ambargo, majirani wakafunga mipaka, kaseti tupu zikakosekana. Siku moja duka limejaa wateja, Patron akaniita.

"Pasteri anakuja kurekodi mahubiri. Futa moja ya orkestra."

"Patron, apana. Zile ni mama."

"Mama wawili wa wimbo mumoja? Chagua. Si we ndiye Sikio la Bujumbura?"

Jina hilo nililipenda mno. Nikachagua pale pale, kwa sauti, wote wasikie. Ya Mutanga ilikuwa safi, kila chombo mahali pake. Ya Ruziba jenereta ilinguruma, na katikati uzi wa gitaa ulikatika, Feruzi akamaliza na nyuzi tano. "Hii mbovu," nikasema. Nikabandika skochi, ile karatasi ya gundi, kwenye tundu la ulimi nilioutoa mwenyewe, na Pasteri alipoanza kuhubiri nikabonyeza kurekodi juu yake.

Wiki iliyofuata Feruzi akaingia dukani. Alikuwa anahamia Uvira, ng'ambo Kongo, na familia yake.

"Kaka Saidi, nipe ya Ruziba. Uzi ulipokatika mikono ilipita njia sijapita tena. Najaribu nyumbani, siioni. Mi nataka tu nisikie nilipita wapi."

Ningeweza kumwambia. Badala yake niliandika "Ruziba" juu ya nakala ya Mutanga nikampa. Akavaa ekuta, zile za kusikilizia masikioni, akafumba macho. Hakufika mbali.

"Hapa niko na nyuzi sita, Kaka." Akazivua taratibu. "Sikio la Bujumbura! We unadhani mi sina langu?"

Akaiacha kaseti juu ya meza. Sijamwona tena, wala sijasikia kama bado anapiga.

Kwa miaka Patron alimwambia kila aliyeuliza: "Alichagua yeye." Mzee yule alinidhulumu mengi, ila hapo hakusema uongo, na ndiyo maana sijamsamehe.

CD zilipofika, alinitoa kazini bila hata kunipa mkono. Niliondoka na kitu kimoja, kaseti mama ya yale mahubiri. Siku hizi watu wananijia na simu zao niwaambie konseri ipi ya orkestra ilikuwa bora. Mafundi wote wa wakati ule, hakuna anayejua kuliko mimi. Nawawekea ya Pasteri. Wananishangaa. Nawaambia wangoje, maana Pasteri alimaliza kabla utepe haujaisha.

Baada ya amina, jenereta inanguruma. Gitaa limeshanyamaza. Yamebaki makofi, na mwanamke mmoja anapaza sauti: "Rudia, Feruzi! Rudia!"

Halafu utepe unakwisha.