Kikombe Nilichoonja Sokoni Makambako

Ndugu wasomaji, wa kulaumiwa ni mimi. Nalisema mapema ili msipoteze muda kumtafuta mwingine, ingawa wengine wapo, na wamevaa vizuri kunizidi.

Jina langu sitalitaja. Mimi ni msaidizi wa Bwana Shamba hapa Njombe, na nitaendelea kuwa msaidizi wake mpaka atakapolisoma gazeti hili. Kazi yangu ni kuwalinda wakulima wasiuziwe dawa mbaya. Chekeni, nami nimekwisha kucheka.

Sheria ya serikali ilikuwa nzuri sana. Dawa mpya ya kuua kupe na wadudu wa mboga ijaribiwe kwanza bomani, kwa mifugo ya serikali, masika na kiangazi, ndipo wenyeji wauziwe. Basi akaja mzungu mmoja wa kampuni na dawa yake kwenye madebe mekundu. Watu wakamwita Bwana Madebe. Alikuwa mchangamfu, mkarimu kupita kiasi. Bwana Shamba alipenda kuvua samaki, na Bwana Madebe akagundua palepale kwamba hata yeye alizaliwa akipenda kuvua samaki.

Tukawaogesha kondoo wa boma kwa dawa ile. Hazikupita siku nyingi wakaanza kutetemeka, na wawili wakafa. Nikakimbia kumwarifu Bwana Shamba, nikamkuta barazani kwake na Bwana Madebe, wanasafisha ndoano.

"Baridi hiyo," akasema Bwana Madebe kabla sijamaliza.

"Bwana, hawa ni kondoo wa Njombe. Wamezaliwa kwenye baridi."

"Mwaka huu baridi imezidi," akajibu Bwana Shamba bila kuinua macho.

Kumbe baridi yetu ilikuwa na makosa mengi namna hiyo! Tangu siku ile kila kilichokufa ndani ya ua wa boma kiliuawa na baridi, hata kuku aliyekuwa akilala jikoni. Nami je, mlinzi wa wakulima? Juma lilelile Bwana Madebe aliniletea koti la sufu, zito, lenye vifungo vya pembe. "Baridi mbaya sana," akaniambia. "Wewe hapana kufa kama kondoo." Nikalivaa. Jamani, lilikuwa koti zuri! Wengine hununuliwa kwa vyeo, mimi nilinunuliwa kwa joto.

Majaribio yakakatizwa, dawa ikatangazwa kuwa salama. Siku ya soko tukaenda Makambako kuihubiri. Nikapanda juu ya sanduku, nikawaambia watu: inaua mdudu, haidhuru mtu. Walisikiliza kimya, mikono imefumbatwa. Halafu katikati ya wanawake nikasikia sauti ninayoijua. Alikuwa mama yangu mdogo, ndugu wa marehemu mama, yule aliyenilea nikakua.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mama."

"Hapa kwetu, mwenye nyumba akitoa togwa, nani anaonja kwanza?"

"Mwenye nyumba, mama."

"Kwa nini?"

"Ili mgeni aone haina sumu."

"Haya basi. Onja."

Soko zima likaangua kicheko. Nilitoka jasho ndani ya koti langu, nikasema kwamba dawa tuliyokuja nayo ni chache, wasubiri soko lijalo. Bwana Madebe aliponiuliza yule mama amesema nini, nikamweleza desturi yetu. Nilidhani atakasirika. Alifurahi kama mtu aliyeokota ng'ombe!

"Mama ile iko na akili," akasema. "Soko ingine wewe taonja."

Dawa yenyewe ni ya maji, na ukiichanganya na maji mengine hugeuka nyeupe. Soko lilipofika, Bwana Madebe akanivuta nyuma ya lori, akanipa kikombe cha bati kilichojaa. Nikanusa. Maziwa! Maziwa ya ng'ombe yaliyozimuliwa kwa maji. Bwana Shamba alikuwa amesimama karibu nasi, akiyatazama mawingu kwa makini sana.

Nikapanda sandukuni, nikainua kikombe watu wote wakione, nikanywa mpaka tone la mwisho. Lo, vigelegele! Mama mdogo ndiye aliyepiga kikubwa kuliko wote. Akawageukia wenzake, akawaambia, "Huyu nimemlea mimi. Hawezi kutuua." Madebe yakaisha kabla jua halijafika utosini.

Miezi michache baadaye nikaitwa hospitali ya misheni. Mama mdogo alikuwa amelala kitandani, mikono yake inatetemeka vilevile kama wale kondoo. Walisema alikuwa amekunywa dawa yetu, akaanguka na kifafa ambacho hakuwahi kuwa nacho maishani.

"Mama, kwa nini umekunywa dawa ya kupe?"

"Tumbo lilinisokota, mwanangu. Nikajua ni minyoo. Ulisema inaua mdudu, haidhuru mtu. Na mnyoo si mdudu?"

Akanishika mkono kwa mikono yake ile.

"Usihuzunike. Wewe ulikunywa kikombe kizima, mimi vijiko tu. Labda ni uzee wangu."

Alikuwa ananifariji! Mgonjwa alimfariji mzima, na mzima akakubali kufarijiwa.

Daktari wa misheni alipiga kelele mpaka Dar es Salaam wakamtuma mkubwa mmoja kuchunguza habari hii. Bahati mbaya gari la serikali lilikuwa bovu, basi Bwana Madebe akampokea kwa gari lake. Nyumba ya wageni ya serikali ilikuwa inavuja, basi akamlaza kwake. Na kwa kuwa mkubwa yule hakuijua dawa ile, Bwana Madebe akaketi kando yake siku ya baraza, ili amweleze palipo pagumu. Tuliambiwa huo ni uchunguzi usiopendelea upande wowote.

Mama mdogo akaletwa mbele, ameshikiliwa huku na huku. Akaulizwa nani alimwambia kwamba dawa ile inanyweka.

"Hakuna, bwana. Nilimwona mwanangu akiinywa, kwa macho yangu haya, wala hakuumwa hata jino. Kosa ni langu. Msije mkafukuza watu kazini kwa ajili ya tumbo la kizee."

Mkubwa akanigeukia. "Ni kweli ulikunywa?"

Neno moja tu lilihitajika, na nililijua. Bwana Shamba alinitazama. Bwana Madebe alitazama koti langu.

"Ni kweli, bwana. Nilikunywa."

Hakuuliza nilikunywa nini, nami sikumsaidia. Ikaamuliwa kwamba dawa haina ubaya, mwenyeji ndiye aliyeitumia vibaya. Wakaenda kula chakula cha mchana kwa Bwana Madebe. Tazameni basi! Miaka yote hii sijaona serikali ikimsikiliza mwanamke wa Kibena, na siku ilipomsikiliza ilikuwa siku aliyodanganywa.

Nilijaribu kusahau. Lakini Jumapili moja, baada ya ibada, nilifika kwake nikamkuta anamsifia bibi arusi mmoja dawa ile, akimhimiza aipige kwenye kabichi. Ukindu wa vikapu vyake ulikuwa umelala kando, maana vidole havikuweza tena kusuka. Yule binti alipoondoka nikapiga magoti, nikasema yote.

Nilingoja matusi. Nilitamani anipige.

"Maziwa?" akauliza.

"Maziwa, mama."

"Nimewaambia watu wengi mno," akasema. Juu ya mikono yake hakusema kitu.

Akachukua fimbo yake akatoka, na tangu siku ile anapita nyumba kwa nyumba. "Mwageni dawa ile. Mwanangu alikunywa maziwa." Watu wanamkaribisha, wanampa kigoda, wanaitikia kwa adabu. Akishaondoka wanachukua bomba la dawa na kwenda kupiga kabichi. Maskini, wanasema, ugonjwa umempanda kichwani. Serikali si ilikwisha kuchunguza? Na yeye mwenyewe si ndiye aliyetoa ushahidi?

Kisha majirani wakanizunguka mlangoni mwa kanisa. "Mama yako anasema ulikunywa maziwa. Eti ni kweli?"

Mpishi wa Bwana Shamba alikuwa amesimama pale, masikio wazi. Nikasema, "Mama anaumwa."

Ole wangu! Kikombe kile nilikunywa kwa hofu na tamaa ya koti, lakini maneno haya nilimsemea mtu aliyenilea. Sasa wanamshika mkono njiani na kumrudisha nyumbani, kama kichaa.

Wasomaji, mama huyu hana wazimu. Kichwa chake ni kizima kuliko cha Bwana Shamba, cha mkubwa wa Dar es Salaam na changu tukivijumlisha. Yalikuwa maziwa! Dawa ile ni sumu, inaua mtu kama inavyoua kupe, na sisi tuliowekwa kuwalinda tulijua tangu kondoo wa kwanza.

Jifunzeni kwangu. Mtu wa serikali akionja kitu mbele yenu, acheni vigelegele. Nyosheni mkono mwombe kikombe hichohicho, hata kama kina tone moja. Na mkimwona anayewalinda anakula kwa yule anayewauzia, shikeni fedha zenu mrudi nyumbani.

Na ninyi mlio Makambako, mama akipita kwenu na fimbo yake, mkaribisheni. Dawa ifukieni mbali na mto, yeye akiona. Kisha mwambieni kwamba mwanawe amekiri mbele ya watu wote, maana mimi nimeshindwa kumtazama usoni. Yeye hajui kusoma. Msomeeni.