Kashe Ilikuwa Ku Kilio

Bandugu, leo kashe ya Serikali, ule muhuri ya kupiga ku makaratasi, ilienda ku kilio.

Munajua tricycle yangu ya batterie, ile nilivumbua mwenyewe, inapanda milima na mizigo? Leo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya kuomba feza Serikali inapatia batu benye kuvumbua vyombo vya usafiri.

Nafika ku bureau, bananiambia: dossier bila kashe haipokelewe. Na kashe iko mu mufuko ya papa chef, mukubwa wa bureau. Na papa chef iko kule milimani, Nyantende, ku kilio ya shangazi yake mwenye alikufa.

Mvua. Matope. Bamotari, benye kubeba batu na pikipiki, bote bakakatala kwenda.

Sawa. Nikaenda na tricycle yangu. Nikamupakia papa nyuma, na costume yake, na mwavuli yake. Tukapanda ile milima yote. Hata alisinzia!

Tukafika ku bureau mbele ya bafunge. Akashuka, akapanguza viatu, akaikala ku meza, akafungua dossier yangu polepole.

"Mon petit, hapa haukuweka preuve, ushahidi."

"Preuve ya nini, papa?"

"Ya kama hii kitu inaweza kubeba mutu."

Akaandika "incomplet", ni kusema dossier haijatimia, akapiga kashe juu.

Sasa papa chef iko hapa inje, ananingojea nimurudishe ku kilio.

Munanishauri nini?