Mama Alivyolicheza Shimo la Magindu

Baba yangu, Pazi, alikuwa mtu mwema kabisa mpaka aone mchezo wa kubahatisha. Akikuta watoto wanacheza gololi, safari yake imeishia hapo. Akikuta watu wawili wanabishana kama mvua itanyesha, ataweka dau kofia yake. Kwa hiyo mwaka 1953, alipotangaza pale nyumbani kwetu Maneromango kwamba anataka kumtembeza mama, wabadili hewa kama wanavyofanya Wazungu, mimi Sikuzani, binti yao wa pekee, nilijua kwamba mahali fulani kuna kamari.

Mama naye alijua. Jina lake Mwanne, msuka mikeka, mwanamke wa maneno machache. Aliuliza hewa hiyo inabadilishiwa wapi. Baba akasema Magindu. Hapo mama akauweka ukili chini, jambo ambalo hakulifanya hata siku nyumba ya jirani iliposhika moto.

Mama alizaliwa Magindu, karibu na reli. Alipokuwa mwali, amefungiwa ndani kama desturi yetu inavyotaka, lori lililobeba bendi ya dansi kutoka Dar es Salaam lilinasa kwenye tope nje ya kijiji. Mama alisikia tarumbeta kupitia ukuta wa udongo. Sauti moja, ndefu, ikapanda na kukatika. Alisimama, na kungwi wake akamwambia akae, mwali hatoki. Siku chache baadaye shoga yake Biubwa, ambaye alikuwa ameshachezwa unyago na kutoka, alikuja kumhadithia: bendi ilishuka ikapiga pale pale kwenye shimo tangu adhuhuri hadi magharibi, kijiji kizima kikacheza, tope likakauka kwa miguu ya watu. Tangu hapo pakaitwa Shimo la Dansi, na wageni wakipita Magindu walipelekwa kupaangalia.

Balaa ni kwamba Biubwa naye aliolewa Maneromango, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Miaka ishirini habari ya shimo ilikuja na kila kikombe cha chai. Mama alisikiliza, akamwongezea sukari, na mgeni akiondoka alisuka bila kuinua macho mpaka jioni. Mimi nilikuwa namchukia Biubwa kwa sababu hiyo, nasema kweli.

"Nitakwenda," mama akamwambia baba, "lakini nataka nilicheze lile shimo kabla gari halijarudi."

Baba akaapa. Alikuwa mwepesi wa kuapa, huo ulikuwa ugonjwa wake wa pili.

Wakadandia lori la mihogo hadi Kisarawe, wakalala kwa shangazi, asubuhi wakateremka Pugu kupanda gari la moshi, daraja la tatu. Mama alivaa kanga mpya. Baba alivaa kanzu ya Idi, akashika mwavuli, na kwapani alikuwa na kuku jike aliyesema ni zawadi kwa wenyeji. Mama alimtazama yule kuku, akajua ni dau.

Walifika Magindu kabla ya adhuhuri. Gari la kurudi lingepita saa kumi alasiri, na siku ya pili yake halikuwapo. Mama akaanza kuelekea kijijini. Baba akasema, ngoja kidogo tu, mke wangu, nimsalimie mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa Maganga, Mnyamwezi aliyemaliza kazi yake ya reli akabaki pale pale, na nyuma ya stesheni alikuwa na banda la makuti ambalo sifa zake zilifika mpaka kwetu. Ndani mlikuwa na jamvi, vifuu vitatu vya nazi na korosho moja ya kukaanga. Maganga aliifunika korosho kwa kifuu kimoja, akavizungusha vyote haraka, nawe ukionyesha kifuu chenye korosho unaondoka na kandili mpya iliyoning'inia kwenye boriti. Ukikosa, dau lako linabaki. Kandili ile ilikuwa imening'inia mwaka wa tatu.

Baba akaweka kuku. Kuku akaenda. Akaweka mwavuli, nao ukaenda. Akaweka kifurushi cha maandazi ya njiani bila kumuuliza aliyeyapika. Mama alikuwa amekaa mlangoni anatazama jua, kila mara anamkumbusha kwamba muda unakwenda, na kila mara baba alijibu kwamba sasa ameshaujua mchezo.

Mara ya nne baba alishindwa kuvumilia. Akavipindua vifuu vyote vitatu kwa mpigo. Chini ya kifuu hiki hamna kitu, cha pili hamna, cha tatu hamna. Baba akaudaka mkono wa Maganga, akavikunjua vidole kimoja kimoja, akaikuta korosho kiganjani. Akaichukua, akaila.

Mahali pengine hapo ndipo ngumi zinapoanza. Lakini sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Mtani akikuibia amekutania, ukikasirika aibu ni yako. Kwa hiyo baba, mdomo umejaa korosho ya watu, ilimbidi acheke. Maganga akacheka zaidi yake, kisha akasema kwamba Mzaramo amemlia mtaji wake wote, naye anachukua fidia. Akamvua baba kanzu ya Idi kupitia kichwani, akaivaa juu ya nguo zake. Ilimfika magotini. Baba akabaki na shuka na fulana yenye matundu, anaendelea kucheka kwa sababu hana njia nyingine.

Mama hakucheka. Alisimama mbele ya Maganga.

"Mtani, umechukua kuku wangu na maandazi yangu, na mume wangu umemvua nguo," alisema. "Sasa nipeleke kwenye Shimo la Dansi. Mimi sikuja kwa ajili ya vifuu."

Maganga akamwangalia, akaokota vifuu vyake viwili kwa mazoea tu, akatangulia njia. Wakafuatana watu watatu, aliyevaa kanzu mbele na mwenye kanzu yake nyuma.

Shimo lenyewe lilikuwa kibonde cha majani chenye mbuzi mmoja amefungwa. Mbuzi akilala lilijaa. Mama alisimama ukingoni, akamuuliza Maganga bendi ilikaa upande gani.

Maganga akavua kofia. Alisema siku ile yeye alikuwa kwenye genge la reli, ndio walioitwa kusukuma. Hakuna bendi iliyopiga, jina la dansi watu walilibandika baadaye kwa utani tu. Ngoma zao zilikuwa chini ya turubai, na wenyewe walikuwa kwenye tope hadi mapajani. Mmoja alipuliza tarumbeta kuita watu waje kusaidia. "Mara moja tu, mama," alisema. "Likanasuka, wakaondoka. Nani angecheza, na majembe mikononi?"

Baba aliniambia kwamba hapo alimwogopa mkewe. Uso wake ulikuwa umetulia mno. Miaka ishirini amelilia muziki ambao haukupigwa, na ule mdogo uliopigwa aliusikia wote akiwa ndani, amekaa, amefunikwa.

"Basi sikukosa kitu," mama akasema. Kisha machozi yakamtoka.

Baba hakuwa na kanzu, hakuwa na kuku, na saa kumi ilikuwa inakaribia. Akamfungua mbuzi, akamwondoa shimoni. Akaingia yeye na shuka lake, akaweka ngumi mdomoni, akapiga tarumbeta kwa mashavu. Ilikuwa sauti mbaya sana, mbuzi alikimbia. Maganga akaanza kugonga vifuu viwili, ta-ta, ta-ta, na kanzu ile fupi inapepea. Mama akafuta uso kwa pembe ya kanga, akaifunga kiunoni, akateremka shimoni. Wakacheza mpaka wakasikia honi ya gari la moshi stesheni.

Walilikimbilia, wakalidaka mkiani. Maganga aliirusha kanzu dirishani, kisha mwavuli. Kuku hakurudi. Maganga alituma salamu mwaka uliofuata kwamba kuku yule anataga vizuri.

Siku ya tatu Biubwa akaja kunywa chai. Mama akamwambia wamelifikia shimo, na Biubwa akaanza tena, adhuhuri hadi magharibi, tope likakauka. Nilimwangalia mama, nikingoja amkatie maneno. Nilitamani amkatie.

Mama akamwekea sukari.

"Biubwa," alisema kwa upole, "tarumbeta ilipigwa mara ngapi?"

Biubwa akakoroga chai. Akakoroga mpaka nikadhani kikombe kitatoboka.

"Mara moja," akasema. "Nilikuwa mbali, shambani, nachimba mihogo. Nilipofika lori limeshaondoka. Ulikuwa umefungiwa ndani peke yako, Mwanne. Nilitaka nikuletee kitu."

Walitazamana, wakaanza kucheka, wakacheka mpaka chai ikamwagika kwenye mkeka mpya. Nami nikaona haya kwa kumchukia mtu miaka yote ile. Halafu mama akainuka, akafunga kanga kiunoni, akamshika Biubwa mkono, akamfundisha dansi ya Magindu, kwa kuwa kati yao wawili yeye ndiye aliyekuwa ameicheza.