Fundo la Mkonge na Siku ya Kufungua Zawadi

Nyumbani kwetu zawadi za Krismasi hazifunguliwi siku ya Krismasi. Tarehe ishirini na tano ni ya kanisa na ya kula. Zawadi hungoja kesho yake, na kila moja huwa imefungwa kwa kamba ya mkonge iliyosokotwa na baba kwa mkono wake. Karatasi za rangi zilikuja baadaye, wajukuu walipozaliwa, lakini hata leo karatasi iko ndani na kamba iko nje, na kamba ndiyo shughuli yenyewe.

Sheria alizitunga baba kabla sijazaliwa. Hakuna kisu, hakuna wembe, hakuna meno, hakuna moto. Ni vidole tu. Anaanza aliye mdogo kuliko wote, wengine wanamtazama, na wa pili haanzi mpaka wa kwanza amemaliza. Anayeshindwa, zawadi yake inapanda juu ya kabati na kukaa huko mpaka Pasaka. Nilipokuwa na miaka tisa nilishindwa. Ndani mlikuwa na viatu vya ngozi. Vilikaa juu ya kabati zaidi ya miezi mitatu, na siku nilipoviteremsha miguu yangu haikuingia tena. Akapewa binamu yangu. Baba hakuomba radhi, nami sikulia mbele yake, ila mwaka uliofuata nililifungua fundo langu kabla chai haijapoa.

Baba ni Mshambaa aliyeshuka kutoka milimani akiwa kijana. Alikata mkonge katika mashamba ya Korogwe, kisha akahamishiwa kiwandani kufunga marobota ya singa, zile nyuzi ndefu nyeupe zinazobaki jani likishakamuliwa. Fundo alilipata huko. Sijawahi kusikia kama lina jina. Ukilivuta linakaza, ukilivuta zaidi linakaza zaidi. Hulegea tu ukiipata ncha yake na kuirudisha ndani ilikotoka, na baba huificha ncha hiyo katikati ya singa kiasi kwamba macho hayasaidii kitu. Alipostaafu alihamia Kwaluguru, nyumbani kwao mama yangu, ambaye ni Mzigua wa huko, akalima mahindi, na kila Desemba akaendelea kufunga.

Mwezi wa sita mwaka jana kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Mguu ulirudi kwa kiasi, akawa anatembea na fimbo. Maneno yalirudi yote, polepole. Mkono haukurudi.

Mwishoni mwa Novemba nilimpigia simu kumuuliza singa ziletwe kiasi gani.

"Singa za nini?" akaniuliza.

"Za Krismasi, baba."

"Mwaka huu leteni vitu vyenu kwenye mifuko. Kila mtu achukue chake, ale pilau, akalale. Mimi siku hiyo nitakwenda kukaa kwa shemeji yangu."

Mama akaichukua simu. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba tangu atoke hospitali baba hajapenda kukaa na watu wengi, na kwamba siku ya kufungua zawadi ndiyo anayoiogopa kuliko zote, kwa sababu siku hiyo mazungumzo yote huwa ya mikono yake. "Akiikimbia mwaka huu," mama akasema, "hairudi tena. Mimi namjua."

Mimi ni fundi wa vyerehani mjini Korogwe. Niliishia darasa la saba. Mengine nimeyapata vitabuni, na vitabu vimenizoesha kuandika kila kazi hatua kwa hatua, kwa michoro. Fundo la baba nilikuwa nimeliandika zamani. Kila mwaka, tarehe ishirini na nne mchana, baba alikuwa akikaa mezani kufunga, nasi watoto tukikaa kwenye benchi la ng'ambo, kwa sababu upande wake wa kulia aliweka tita la singa na upande wa kushoto aliweka vifurushi. Kutoka kwenye benchi hilo nilichora hatua kumi na moja. Nikaona jibu ninalo: nitafunga mimi, baba atakaa kwenye kiti chake na kusimamia sheria kama kawaida.

Nilijaribu kwanza kibandani kwangu. Nilifunga boksi la viatu, nikampelekea dada yangu mkubwa, ambaye huuza vitambaa jirani nami. Alikuwa na mteja. Bila hata kukatiza maneno yake alivuta kamba kwa vidole viwili, na fundo likafunguka.

"Ndiyo hili?" akaniuliza.

"Hebu ngoja."

Nikafunga la pili. Likafunguka. La tatu lilikaza kidogo, nikafurahi, kisha likateleza lenyewe juu ya meza kabla hajaligusa. Nilirudi kwenye daftari nikakagua mchoro mmoja mmoja. Nilibadilisha unene wa kamba. Nililowesha singa, kisha nikajaribu kavu. Kwa siku tisa nilifunga jioni baada ya kazi, na kila hatua ilikuwa sawa na ilivyochorwa, na kila fundo lilifunguka. Dada akaanza kuniita Mwalimu.

Tarehe ishirini na tatu tulishuka Kwaluguru na vifurushi vyote, kumi na saba, vikiwa havijafungwa. Baba alikuwa barazani. Tukamwamkia, akaitikia, akaona lile tita la singa begani kwangu, akageuza uso akatazama shambani. Nilivuta meza, nikakaa ng'ambo yake kama nilivyozoea, nikaanza kufunga mbele yake.

Nilikuwa na fundo la nne mkononi mjomba alipofika. Mjomba ni kaka yake mama, Mwislamu, na nyumba yake iko hatua chache kutoka kwetu. Ndiye huchinja kuku wetu wa Krismasi ili nyumba nzima ile, na kila mwaka hufungiwa kifurushi chake kama sisi. Yeye na baba wamekuwa wakitaniana tangu siku baba alipopeleka barua ya posa.

Mjomba aliinua kifurushi cha kwanza, akapuliza tu kwa mzaha, kisha akavuta. Kamba ikaanguka miguuni pake.

"Mpwa wangu," akasema, "hili ni fundo au ni salamu?"

Dada akacheka mpaka akakaa chini. Mjomba akachukua cha pili.

"Na hili? Ah, hili lina adabu, limefunguka lenyewe. Shemeji! Hebu tazama mtoto wako. Huyu kule kwenu milimani mngempa kazi ya kufungulia mbuzi."

Baba hakugeuka.

"Au ndivyo mlivyokuwa mnafunga kule kiwandani?" mjomba akaendelea. "Maana tulikuwa tunasikia marobota yanapasuka njiani, tunasema labda ni barabara mbovu."

Hapo baba akageuka. "Robota langu halijawahi kupasuka."

"Mimi nitajuaje? Ninachokiona ni hiki." Akavuta la tatu.

Baba alilitazama lile fundo likianguka. Kisha akaitazama mikono yangu, na nilimwona akiitazama kama ninavyotazama mashine iliyoletwa na mtu anayesema hajui shida yake ni nini.

"Fanya tena," akaniambia. "Polepole."

Nikafanya. Nilipofika hatua ya tano akagonga meza kwa fimbo.

"Hapo. Ulijifunzia wapi?"

"Kwako, baba. Kila mwaka, hapa mezani."

"Ukiwa umekaa wapi?"

Nikamwonyesha benchi nililokalia.

"Basi ndiyo maana. Umenisoma kutoka ng'ambo. Mkono wangu wa kulia wewe umeufanya wa kushoto."

Nilimjibu, kwa heshima, kwamba nilikuwa nimelifikiria hilo kibandani na kuliacha, kwa sababu fundo lililogeuzwa hubaki fundo lile lile, kama kiatu cha kushoto kilivyo kiatu. Hakubishana nami. Aliokota kamba kwa mkono wake wa kushoto akanipa. "Itazame ilivyosokotwa."

Nikaiinua kwenye mwanga. Baba husokota singa pajani kwa kiganja cha kulia, akisukuma mbele, na hivyo ndivyo alivyotufundisha sote. Kwa hiyo kila kamba ya nyumbani kwetu imepindia upande mmoja. Nikaizungusha kwenye kifurushi kwa njia yangu ya daftarini, nikaona nyuzi zikiachana. Nikaizungusha kinyume, zikabanana. Kwa siku tisa nilikuwa ninasokota kamba kwa jioni nzima, kisha ninaisokotoa wakati wa kuifunga. Kwa kamba ya dukani nisingepata tabu hiyo. Ilikuwa ni kosa la mtu aliyejifunzia kwetu, kwenye benchi letu, kwa kamba yetu.

"Njoo ukae huku," baba akasema.

Akasogea kwenye kiti kirefu. Nikakaa kulia kwake, bega kwa bega, na mkono wake uliolala ukawa kati yetu, umeegemea paja langu. Akaweka mkono wake wa kushoto kwenye kifurushi, akabana kamba kwa kidole gumba.

"Sasa wewe ni mkono wangu wa kulia. Usifikiri. Nikisema pita, pita."

Mara ya kwanza nilipita kabla hajasema, akanitukana kwa Kishambaa. Mara ya pili nilichelewa. Mara ya tatu aliacha kusema, akawa anaashiria kwa kukaza tu kidole chake, nami nikawa nahisi kamba ikinijia na kujua iende wapi. Tulipoificha ncha, akakisukuma kifurushi kuelekea kwa mjomba.

"Haya, shemeji. Salimia."

Mjomba akavuta kwa vidole viwili. Akavuta kwa mkono. Akakiweka chini, akakikanyaga kwa mguu mmoja na kuvuta kwa mikono yote miwili mpaka kofia ikamdondoka.

"Mmetia gundi," akasema.

Baba alicheka. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, kwa kuwa kicheko hicho hakikuwa kimesikika nyumba ile tangu mwezi wa sita. Tulifunga vyote kumi na saba mchana huo, na hakuna aliyezungumza tena habari ya baba kwenda kukaa kwa shemeji yake.

Kesho yake niliendelea kujizoeza peke yangu kwenye boksi tupu, baba akiwa pembeni. Nilichana kurasa za michoro nikachora upya, safari hii kutoka upande wa kulia.

Tarehe ishirini na sita saa nne asubuhi baba alikuwa kwenye kiti chake, amenyolewa ndevu, fimbo mapajani. Mjukuu mdogo alianza, akafaulu kwa dakika chache kwa sababu lake tulilifunga kwa huruma. Yaliyofuata hayakuwa na huruma. Dada alisaga meno, akaonywa na baba asiyatumie. Mjomba alitoa jasho, akasema dini yake haimlazimishi mateso haya, akafungua wa mwisho, akapata tochi, akammulika nayo kila mtu usoni mchana kweupe. Wote walifaulu. Pilau ilikuwa tayari.

Ndipo nilipotoa kifurushi cha kumi na nane.

Baba hakuwahi kufungiwa. Mfungaji alikuwa yeye, kwa hiyo zawadi yake ilikuwa inatolewa wazi, mkononi, miaka yote. Hicho nilikuwa nimekifunga mimi, kwa mikono yangu miwili, alfajiri ya siku hiyo. Nikakiweka magotini pake. Dada alinitazama kwa macho ya kuniuliza nimefanya nini, na kusema kweli wakati huo nami nilijiuliza. Nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa aibu ya mzee akishindwa mbele ya wajukuu wake.

"Mama, hebu msaidie," dada akaanza.

"Mtu asiniguse," baba akasema.

Akakibana kifurushi katikati ya magoti. Akapitisha kidole gumba juu ya fundo, polepole, macho yakiwa ukutani.

"Goti siyo kidole!" mjomba akapiga kelele. "Sheria ni vidole!"

"Sheria inakataza kisu, wembe, meno na moto. Nani aliitunga?"

"Wewe."

"Basi nyamaza."

"Chakula kinapoa," mama akasema.

"Kipoe," mjomba akamjibu, na akasogeza kiti karibu.

Ilichukua muda mrefu. Mara mbili kifurushi kilimponyoka, na mara mbili akakiinua mwenyewe. Jasho lilimtiririka shingoni. Watoto waliacha kuchezea zawadi zao wakakaa chini mbele yake, na mmoja wao akawa ananong'ona, "Babu, sukuma, usivute," akanyamazishwa na wenzake. Kisha bega la baba likashuka. Nikajua ameipata ncha. Akaisukuma ndani kwa ukucha, mara moja, mara ya pili, akatikisa magoti, na kamba ikalegea yote na kuteremka kwenye miguu yake.

Mjomba ndiye aliyepiga kigelegele, kazi ya wanawake, na hakuna aliyemzuia. Mama alifunika uso kwa kanga. Watoto walimrukia baba mpaka nikahofia kiti.

Ndani kulikuwa na shati nililolitoa vifungo na kulishonea mkanda wa kunata, alivae kwa mkono mmoja. Alilishika, akalikubali kwa kichwa, akampa mama. Akainama akaokota kamba. Akaikunjua, akaitafuta kwa kidole sehemu moja, akaniita.

"Hapa ulilegeza."

"Kidogo, baba."

"Ulinihurumia?"

Nikaokota boksi tupu la shati lililokuwa miguuni pake.

"Lifunge tena."

Nikapiga magoti sakafuni mbele ya wote, nikalifunga upya kwenye boksi hilo, kwa nguvu zangu zote, nikaificha ncha, nikampa. Akalivuta. Akalivuta tena, kwa nguvu zaidi, akiwa ameuma midomo, nalo likazidi kukaza. Kisha akamwambia mama apakue.