Meno Yaliyochokonolewa Kabla Hayajaota

Mwanangu alipofungwa nyaya za meno, watu wa mtaani kwetu Mbinga walipata la kusema. "Mtoto wa shule na mapambo mdomoni!" alisema mama mmoja tuliyekuwa naye kwenye foleni ya mashine ya kusaga, tena kwa sauti ya mtu anayetaka asikike mpaka nje. Mwingine akauliza kama nyaya zile zinashika redio. Nilicheka kwa adabu, maana mashineni unasubiri zamu, na ukigombana utasubiri sana. Moyoni nilikuwa nachemka. Mapambo! Wangejua mikono iliyopita kwenye fizi za mtoto yule, wangefunga midomo yao hata bila nyaya.

Nimechoka kunyamaza, kwa hiyo nitasema.

Mwanangu aliota meno ya mbele vizuri kama watoto wengine. Kasoro ilijitokeza alipoanza kubadilisha meno. Ya chini yalilala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na mahali pa chonge, yale meno ya pembeni yaliyochongoka, pakabaki wazi. Juu, chonge moja haikuonekana kabisa. Alipokuwa darasa la sita alishazoea kucheka na kiganja mdomoni. Akaacha kwaya ya watoto parokiani, yeye aliyekuwa anaimba tangu hajajua kusoma. Nilipomuuliza sababu alinijibu, "Mama, kuimba si mpaka ufungue mdomo?"

Lawama zote zikawa zangu. Kwetu Mkumbi walisema nilimwachisha ziwa mapema. Ukweni, kule Lipingo, walisema nilimwacha anyonye kidole, na mwanangu hajawahi kunyonya kidole hata siku moja. Mama mkwe wangu, ambaye namheshimu kama mama yangu mzazi, aliniambia tukiwa tunaanika usipa, "Watoto wa siku hizi mnawadekeza, mkwe. Ona meno." Niliinamisha kichwa nikaendelea kutandaza samaki. Mama mkwe unamjibu nini?

Hospitali ya Songea walimwangalia, wakasema hili ni jambo la bingwa wa kupanga meno, wakatuandikia kwenda Mbeya. Bingwa mwenyewe alikuwa mama mtaratibu, wa kuongea polepole. Alimpiga mwanangu picha ya eksirei ya taya zote, akaiangalia kwa muda, kisha akaniuliza, "Mama, huyu alipokuwa mchanga alitolewa meno ya nailoni?"

Nikamwambia hapana. Nilijibu kwa kujiamini kabisa, hata na kuudhika kidogo, kama mtu aliyeulizwa iwapo humpa mtoto wake pombe.

"Una hakika?"

Akanigeuzia picha. Chini, upande wa kushoto, chonge haipo na haitakuja, kwa sababu chipukizi lake liliharibiwa. Upande wa kulia imeota ikiwa imekunjamana. Juu, ile ambayo hatukuiona kamwe ilikuwa imejilalia ndani ya mfupa, kichwa kikielekea puani. "Hii si kazi ya kunyonya kidole," alisema. "Hii ni kazi ya chuma."

Meno ya nailoni nilikuwa nayajua kwa kusikia. Mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, watu humfungua mdomo, wakaona fizi imevimba pale chonge itakapoota. Hapo anaitwa mtaalamu. Anakuja na spoku ya baiskeli iliyonolewa, anachimba ufizi, anatoa kitu cheupe laini, anawaonyesha: haya, hili ndilo lililotaka kumuua. Kitu kile ni jino changa la mtoto, halijakomaa tu. Na chini yake limekaa chipukizi la jino la ukubwani, ambalo spoku hulifikia bila taabu. Sisi tunaolima kahawa tungemwona mwendawazimu mtu anayekung'uta maua ya mibuni, halafu wakati wa kuchuma anauliza buni ziko wapi. Lakini kwa mtoto tunamwita mtaalamu, tunampikia na chai.

Nilitoka nje ya hospitali nikasimama kwenye kivuli cha ukuta nikifikiri. Mwanangu akiwa mchanga niliwahi kulazwa kwa upasuaji, na mama mkwe akamchukua kwake Lipingo mpaka nilipopata nguvu. Nikapiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe. Habari za safari?"

"Nzuri, mama. Nauliza tu. Mwanangu alipokuwa kwako, alitolewa meno ya nailoni?"

Nilisikia kuku wakilia nyuma yake.

"Tulimtoa," alisema. "Alikuwa anaharisha, macho yameingia ndani. Angefia mikononi mwangu, ningekwambia nini?"

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa mgonjwa. Halafu akapona."

Akapona! Miaka yote hiyo ananiambia nimemdekeza mtoto, na yeye anajua. Nilipompigia mume wangu, akasema, "Mimi nilidhani unajua." Nilikata simu kabla sijasema neno ambalo lisingerudi. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa maradhi walificha wao na aliyeumbuliwa ni mtoto wa watu, mbele ya darasa zima.

Basi nyaya zikafungwa, baada ya kuzibwa jino lililotoboka na kusafishwa fizi, maana nyaya hazifungwi juu ya uchafu. Chonge iliyolala ilibidi ufizi ukatwe kidogo ili ifungwe uzi wa chuma, ivutwe taratibu mpaka mahali pake. Na mzazi mwenzangu, usije ukadanganywa kwamba ni kazi ya likizo moja. Ni miaka. Kila baada ya wiki kadhaa ni kurudi kwa daktari zikazwe upya. Siku za kwanza mtoto anakula uji na viazi vya kuponda, analia, anasema meno yote yanacheza. Waya unamchoma shavu, anabandika nta juu yake. Mswaki ni kila baada ya chakula, hata kama wenzake wanamcheka bombani. Mahindi ya kuchoma haguguni, anapukuchuliwa. Muwa ndio usahau. Na nyaya zikitolewa kazi haijaisha: kuna kifaa cha kuvaa ili meno yasirudi yalikotoka, na usipokivaa yanarudi, kama ng'ombe anayejua njia ya zizi.

Haya hawatakwambia wale wanaobandika nyaya za urembo saluni, rangi unachagua mwenyewe, gundi wanaijua wao. Juzi binti mmoja alimwuliza mwanangu alizibandika saluni gani, na yeye anataka za bluu. Nilimshika mkono binti yule, ana meno yaliyonyooka kama punje za mahindi, nikamwambia akijaribu nitamfuata mpaka kwa mama yake. Alidhani natania.

Sikwenda ukweni kwa muda mrefu. Nilikuwa na visingizio vya palizi na vya kuchuma kahawa. Kisha asubuhi moja wifi yangu, mdogo wa mwisho wa mume wangu, mwenye mtoto wake wa kwanza ambaye hata kukaa bado hajakaa vizuri, alinipigia huku ananong'ona.

"Wifi, mtoto anaharisha tangu juzi. Mama amemtazama mdomoni, anasema ni meno ya nailoni. Mtaalamu anakuja leo. Mimi naogopa, lakini siwezi kubishana na mama."

"Usimwachie mtoto," nilimwambia. "Mpe maji ya chumvi na sukari, kidogo kidogo. Nakuja."

Mwanangu alikuwa nyumbani kwa likizo. Sikumwita, lakini nilipofika kituoni nilimkuta nyuma yangu, ameshavaa viatu. Tuliteremka toka kwenye baridi yetu mpaka Mbamba Bay, na kutoka pale tukachukua bodaboda, mimi nikimhimiza dereva na dereva akinionyesha mashimo. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Nilikuwa na maneno makali, mengine ya kutosha kuvunja ndoa.

Tulimkuta mtaalamu ameshafika. Alikuwa mama wa makamo, msafi, amekaa mkekani anakunywa chai, na kando yake kitu kirefu chembamba kimeviringishwa kwenye kipande cha kitenge. Mama mkwe alikuwa amempakata mjukuu wake. Wifi alisimama mlangoni, macho mekundu.

"Shikamoo, mama," nilisema, maana hata ukiwa na hasira salamu ni salamu. Akaitikia. Kisha nikaanza. Nilisema mtoto anaharisha kwa sababu ya maji na mikono michafu, si kwa sababu ya jino. Nilisema zahanati iko karibu kuliko nyumbani kwa huyu mgeni. Nikamwambia mgeni kwamba anachokitoa si ugonjwa, ni jino, na kwamba angestahili kufungwa. Sauti ilinipanda mpaka majirani wakachungulia uani.

Mama mkwe alinisubiri nimalize. "Mkwe," alisema kwa upole ulionizidishia ghadhabu, "mimi nimezika watoto wawili kwa kuharisha. Wewe umezika wangapi?"

Kwa hilo pia nilikasirika, kwamba msiba wake wa kweli ulikuwa umefanywa ukuta wa kuficha ujinga.

Mwanangu ndiye aliyesogea. Akapiga magoti mkekani mbele ya bibi yake, akaondoa kiganja mdomoni, akafungua kinywa wazi kabisa, kama ambavyo hakuwa amekifungua mbele ya mtu kwa miaka. Akauchukua mkono wa bibi, akakipitisha kidole cha bibi juu ya nyaya, kwenye pengo la chini, kisha juu, pale ufizi ulipokatwa na uzi wa chuma unaingia ndani ya nyama. Mama mkwe alitaka kuutoa mkono. Mtoto akaushikilia.

"Bibi," alisema alipouachia, "siku ile mimi nililia?"

Bibi alimtazama.

"Ulilia mpaka sauti ikakauka. Mimi ndiye niliyekushika kichwa."

"Basi huyu usimshike."

Mama mkwe alimwinua mjukuu mapajani, akampa wifi yangu, akavua khanga yake ya mabegani akamfunika nayo. "Nenda zahanati," alisema. "Nenda sasa hivi, kabla hawajafunga." Wifi aliondoka karibu anakimbia.

Watu wakiniuliza kama nimemsamehe mama mkwe, nasema bado. Nampenda, na bado. Kuna jino la mwanangu ambalo halitakuja hata tukienda kwa mabingwa wa dunia nzima, na nyaya haziwezi kupanga jino ambalo halipo.

Siku ile, mgeni alimaliza chai yake. Akashukuru, akakiokota kile kitenge kilichoviringishwa, akatuaga kwa adabu zote. Nilimwuliza anaelekea wapi. Akaonyesha kwa kidevu nyumba za juu, kando ya njia.

"Kuna mtoto mwingine pale," alisema. "Nao wananisubiri."

Nikageuka kumwita mwanangu. Alikuwa ameshatangulia njiani, anapanda kuelekea nyumba zile.