Mara Kumi na Nne

Makarius Tawete alikuwa mtafiti wa mikorosho katika kituo kidogo cha kilimo huko Matogoro, Songea, na kwa miaka kumi na tisa aliamini kwamba kazi nzuri hujisema yenyewe. Mwezi wa sita mwaka 1994 ikaja barua kutoka makao makuu. Wafadhili walisema watafiti wamezidi. Wabaki wale tu ambao kazi zao zinasomwa duniani. Kila mmoja apeleke idadi ya mara ambazo maandiko yake yametajwa na watafiti wengine katika majarida. Asiyefikisha mara kumi atapunguzwa.

"Nani anazihesabu?" mkewe Walburga alimuuliza.

"Kuna kitabu kikubwa hutoka ng'ambo kila mwaka. Kinaonyesha nani kamtaja nani. Songea hakipo."

"Na wewe umetajwa mara ngapi?"

"Sijui, mama Dorine. Hapo ndipo penye shida."

Alimwandikia Devota, mkutubi wa chuo alichosoma zamani, amtafutie. Kwa wiki tano hakula akashiba. Basi la Dar es Salaam lililoleta barua likiingia stendi, yeye alikwisha fika, akijifanya anapita tu. Kituoni alikaa chumba kimoja na Remmy, mtafiti wa mahindi. Remmy alikuwa amewafundisha wanakijiji wengi kukinga mahindi ya ghalani yasiliwe na dumuzi, ila maelekezo yake aliyaandika kwa Kiswahili, kwenye vikaratasi vya kugawa. Alikwisha jua idadi yake. Tatu.

Bahasha ilipofika, Makarius aliifungulia palepale stendi. Kumi na nne. Zote za makala moja ya mwaka 1987, aliyoandika kwamba mkulima akichelewa kupulizia salfa, dawa ya ukungu, mpaka nusu ya maua yachanue, hapati hasara. Jioni hiyo Walburga alichinja kuku.

Devota alikuwa ameambatanisha nakala za kurasa alimotajwa, "ili ufurahi." Makarius alizisoma baada ya kula. Wa kwanza walisema wamelirudia jaribio la Tawete misimu mitatu, na kila mara waliochelewa walivuna nusu. Wa pili waliandika kwamba matokeo ya Tawete hayaelezeki. Akaendelea kusoma mpaka ukurasa wa mwisho. Kumi na wawili kati ya kumi na wanne walimtaja ili kuonya asifuatwe.

Hofu yake ikageuka sura. Kama hawa wanasema kweli, ni nani huko vijijini aliyemfuata?

Siku ya tatu alipanda basi kwenda Tunduru, akalala huko, kesho yake akafika Nakapanya, kwa Mzee Daimu, ambaye shamba lake ndilo lililofanyiwa jaribio.

"Shikamoo, Mzee Daimu."

"Marahaba, Bwana Shamba. Miaka mingi. Kheri lakini?"

Makarius aliuliza habari za ile mistari minne ya mikorosho aliyoagiza ichelewe kupuliziwa. Mzee aliangalia miguu yake.

"Wallahi sikukusudia ubaya," akasema. "Uliniambia nisubiri. Nikaona ule ukungu mweupe unakula maua, na hiyo ndiyo riziki yangu. Nikapulizia yote mapema. Ulipokuja na daftari lako, nikaona haya kusema."

"Na karatasi niliyowaletea baadaye, ya kuwaambia wote msubiri?"

"Tuliisoma. Wengi hawakuifuata, macho wanayo. Shemeji yangu Sefu ndiye aliyesubiri. Msimu ule hakupata kitu. Akaondoka, sasa yuko machimboni."

Makarius hakuweza kumkasirikia mzee. Miti ile aliitembelea mara mbili tu msimu mzima, kwa kuwa gari la kituo halikuwa na mafuta, na akaandika kama mtu aliyeshinda pale.

Siku ya mahojiano na kamati ya kupunguza watafiti, alikuwa na barua ya kusahihisha makosa ya makala yake mfukoni. Mwenyekiti wa kamati aliitazama fomu. "Kumi na nne. Vizuri sana."

"Mwenyekiti, kumi na mbili zinasema nimekosea. Na kweli nimekosea." Akaiweka barua mezani.

Mwenyekiti aliisoma mistari miwili. "Fomu inauliza mara ngapi. Haiulizi kwa nini. Unataka kupunguzwa?"

Makarius alitamani kusema haidhuru. "Hapana," akasema.

"Basi chukua barua yako, uniitie anayefuata."

Aliyefuata alikuwa Remmy. Hakukaa humo dakika tano.

Ijumaa Remmy alifungasha vitu vyake, na Makarius akamsimulia yote, asifiche hata habari za Sefu. Remmy alimsikiliza huku akifunga kamba kwenye sanduku.

"Ungewaambia wakuondoe, wangeniacha mimi nibaki?"

"Wasingekuacha."

"Basi nishikie upande huu."

Wakalibeba pamoja mpaka barabarani.

Wiki hiyohiyo Makarius alituma masahihisho kwa mhariri wa jarida, na nakala ya Kiswahili kwa Mzee Daimu isomwe mbele ya watu. Alimwandikia Sefu pia, kupitia kwa Mzee Daimu, lakini Sefu hakujibu. Mhariri alijibu baada ya miezi minane: jarida halina nafasi kwa mambo ya zamani. Mwaka uliofuata Devota akamwandikia barua ya hongera, kwamba sasa ametajwa mara kumi na tisa. Makarius aliikunja barua ile bila kumwonyesha Walburga. Tangu hapo, kila mara mhudumu wa ofisi alipoingia na barua mkononi, alingoja mpaka atoke ndipo azifungue.