Azimio la Kwamba Hakuna Aliyeumwa

Otilia Añez hakuwa mtu wa mikutano. Kazi yake ilikuwa kuoka cuñapé, vimkate vya jibini na unga wa muhogo, na tanuri lake la udongo lilikuwa maarufu pale mtaani, pembezoni mwa mji wa Montero. Aliingia kwenye halmashauri ya kituo cha mbwa kwa kuwa Doña Casilda Ribera alimtaka aingie. Casilda ndiye aliyemsimamia binti wa Otilia ubatizo, na komadre, mama wa ubatizo wa mwanao, akikuomba jambo, humnyimi.

Casilda alikianzisha kituo kwa mikono yake, akiokota mbwa waliogongwa na malori ya miwa. Watu wakampenda, wakamchangia mabati na kiwanja. Katiba ya chama ilitaka uchaguzi kila baada ya miaka miwili, lakini ulifanyika mara moja tu, ule uliomfanya Casilda mwenyekiti. Waliouliza maswali waliondoka mmoja mmoja, daktari wa mifugo akiwa wa kwanza, na viti vyao vikakaliwa na akina Ribera. Makamu akawa Nicanor, mpwa wa Casilda, mcheshi, mwenye sauti ya mtangazaji. Otilia aliyaona yote hayo akanyamaza. Ya ndugu waachie ndugu, alijiambia.

Upepo baridi wa kusini ulipoanza kuvuma, aliletwa mbwa wa kijivu aliyekuwa akitafuna mnyororo wake na kudondosha mate. Otilia alikuwepo alipomrukia Casilda na kumng'ata kifundo cha mkono.

"Komadre, twende zahanati sasa hivi."

"Kwa mkwaruzo huu? Mimi nimeumwa na mbwa tangu wewe hujui kukanda unga."

"Umemwona macho lakini?"

"Nimeona njaa. Usinitie uchuro."

Mbwa yule alikufa siku chache baadaye. Nicanor akamfukia upesi nyuma ya banda la mwisho, alimokuwa amefungwa pamoja na wengine, akausawazisha udongo kwa koleo. Otilia alipopita na makombo ya mikate, mbwa wa banda lile hawakubweka. Walimtazama tu.

Jumapili halmashauri ikakutana. Nicanor alisimama, akatabasamu.

"Jamaa zangu, tukitamka neno kichaa, watu wa afya watakuja kuwamaliza mbwa wote. Kazi yote ya shangazi iishie shimoni. Napendekeza tuazimie: hapa hakuna mbwa aliyeugua, na hakuna mtu aliyeumwa. Wanaounga mkono?"

Mikono ikapanda. Casilda naye akanyoosha wake, na bandeji yake.

"Doña Casilda," Otilia alisema polepole, "huo mkono unaopigia kura ndio ulioumwa."



"Doña Otilia," Nicanor akasema, "wewe angalia mikate isiungue." Wakacheka. "Azimio limepita."

Asubuhi Otilia hakuwasha tanuri. Alikwenda zahanati, akaeleza kila kitu, kama mtu anayemshtaki mama yake. Watu wa afya wakaja, wakafukua mzoga, wakachukua kichwa kwenda kukipima. Ikathibitika kuwa ni kichaa cha mbwa. Mbwa wa banda la mwisho wakauawa. Casilda alipelekwa kuchomwa sindano, akatii, ila hakumtazama Otilia usoni.

"Nani mwingine aliguswa?" wakauliza.

Nicanor alionyesha viganja vyake viwili. "Mimi? Hata hakunisogelea."

Wateja wakaacha kuja kwa Otilia. Ukutani kwake mtu akaandika kwa rangi: muuaji wa mbwa. Halmashauri ikamfukuza, na huko nako kura zikawa za sauti moja.

Ilipokaribia siku ya kuwakumbuka marehemu, mke wa Nicanor alibisha hodi kwake. Hakuwa na kwingine kwa kwenda.

"Mume wangu halali usingizi, Doña. Anajikuna mguu hadi damu. Jana nimempa maji, ameitupa glasi ukutani."

Otilia akakaa chini. "Aling'atwa?"

"Kwenye muundi, siku alipokuwa akimfunga yule mbwa. Nilimsihi akachomwe sindano. Akaniambia, nitaendaje, na mimi ndiye niliyepitisha azimio?"

Wakamkimbiza hospitali, lakini ugonjwa ule, mtu akishaanza kuogopa maji, haurudi nyuma. Alikufa amefungwa kitandani, ile sauti nzuri imebaki mkoromo.

Baada ya mazishi, Casilda alimngoja Otilia kwenye lango la makaburi. Alikuwa amekonda.

"Akina Ribera wanataka tuseme ilikuwa homa," alisema. "Na binamu yake ashike umakamu."

"Na wewe umesemaje, komadre?"

Casilda aliyatazama mashamba ya miwa, yaliyoanzia ng'ambo ya barabara na kwenda hadi macho yanapochoka.

"Siku ile walipokuja watu wa afya, nilitangulia kufungua mlango wa nyuma," akasema. "Sikuweza kuvumilia. Wakatoka mbwa watatu, wa banda lile lile la mwisho."

Otilia naye akaigeukia miwa. Shule ya mtaa ilikuwa upande ule ule.

"Twende zahanati ukaseme," alisema, akamshika mkono. "Sasa hivi, kabla halmashauri haijakutana."

Casilda alimfuata, akigeuka nyuma kila baada ya hatua chache.